Maji ya Ngazini

Hakuna mtu anayekwenda maktaba na gauni lililopigwa pasi mara mbili. Beya alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yake, kisu cha vitunguu mkononi, akaitazama pasi ikienda na kurudi juu ya kola iliyokwisha nyooka zamani.

"Maktaba ya wapi hiyo?" aliuliza.

"Ya chuo, Mama."

"Jumamosi mchana?"

"Kuna mtihani."

"Na mtihani unataka hereni?"

Dorsaf aligusa masikio kana kwamba hereni zilijivalisha zenyewe. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua kudanganya. Simu yake iliyokuwa kitandani ikalia, wote wawili wakaitazama. Aliinyakua haraka, lakini Beya alikwisha soma jina la mtumaji, nalo lilikuwa Ghalia.

Ghalia lilikuwa jina la mama yake Beya, aliyezikwa Nabeul siku nyingi. Na wafu hawatumi ujumbe.

"Funga mlango, baba yako asisikie. Haya, sema."

Dorsaf akasema, huku akiongea na pasi badala ya mama yake. Mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, yule ambaye baba yake, Tijani, alimpa jina la kiume la ukoo, akalilia jina hilo siku alipoambiwa kwamba mwenye nalo ni mwanamke na hataki kuitwa hivyo tena, sasa anaitwa Ghalia. Anaishi Marseille. Na tangu jana yuko Tunis. Kuna tamasha la filamu la mashoga na wasagaji na watu kama yeye, waliozaliwa wakaitwa wavulana na wao ni wanawake. Filamu moja inamhusu yeye. Inaonyeshwa leo mchana, na kesho asubuhi anaondoka.

"Yuko hapa tangu jana," Beya akasema. "Amelala wapi?"

"Kwa marafiki."

"Amekula nini?"

"Mama, mimi nitajuaje amekula nini?"

"Alikwambia nisijue?"

Dorsaf akaisimamisha pasi. "Hakuniambia ujue."

Beya alirudi jikoni akamaliza vitunguu. Alilia, lakini vitunguu vinamruhusu mtu. Kisha akateremsha kopo la makroudh kutoka juu ya kabati, vile vitafunio vya semolina na tende alivyovipika Alhamisi kwa ajili ya wageni, akavipanga upya kwenye kopo dogo. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia mtoto wake, na alilibeba miaka mitatu. Siku ile aliyoondoka na begi lake, Beya alimwaga maji ngazini nyuma yake, kama anavyomwagiwa msafiri ili njia imrudishe. Miaka mitatu njia haikumrudisha. Beya alikuwa amefika mahali pa kuyalaumu maji.

Tijani alikuwa sebuleni anasikiliza mpira redioni. Tangu astaafu reli, alikuwa ameuhamishia mpira ukali wote aliokuwa akiwapa abiria.

"Naenda na Dorsaf kumwona dada yangu Kmar," Beya alimwambia. "Mguu wake bado unamsumbua."

"Mwambie anirudishie sufuria yangu."

"Nitamwambia."

"Na Dorsaf avae koti."

*

Mahali pa kuonyeshea filamu hapakutangazwa. Dorsaf alisubiri ujumbe, nao uliingia wakiwa bado kwenye treni kutoka Hammam-Lif: ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza, kichochoro cha nyuma ya barabara kuu, muingie wawili wawili, msisimame nje kuvuta sigara. Beya aliusoma mara mbili.

"Hii ni sinema au magendo?"

"Mama, shusha sauti."

Mlangoni alikaa msichana mwenye nywele fupi na miwani mikubwa, orodha ikiwa kwenye simu yake. Jina la Dorsaf lilikuwamo. La Beya halikuwamo. Msichana akamtazama kitambaa cha kichwa, akalitazama koti lake la msikitini, akatazama na lile kopo.

"Mama, unamtafuta nani humu?"

"Nimekuja kutazama filamu."

"Filamu gani?"

Beya hakujua jina la filamu. Nyuma yao watu walianza kujaa, na ujumbe ulikataza kujaa. Msichana hakuwa na ubaya. Mwaka uliopita alikuwa amemfungulia mlango mama mmoja mwenye uso mtulivu kama huu, na mama huyo akaingia akamtoa mwanawe kwa nywele mbele ya watu. Tangu hapo aliwaogopa akina mama kuliko polisi. Polisi angalau hawalii.

"Naomba nione kopo," akasema.

Beya alilifungua. Msichana akainua makroudh ya juu aone kuna nini chini, na chini kulikuwa na makroudh.

"Ulidhani nimebeba kisu?" Beya akauliza.

"Samahani, mama. Kazi."

"Ni mama yangu," Dorsaf akasema, mashavu yamewiva. "Mimi namdhamini."

Beya alikuwa amewadhamini watoto wake shuleni, hospitalini, na mara moja kituoni. Hakuwahi kudhaminiwa na mtoto. Alinyoosha mkono akafungwa utepe mwekundu, maana yake mtu huyu asipigwe picha. Kamera ya simu yake ikabandikwa karatasi. Kisha akaruhusiwa kupita.

Viti viwili vya pamoja havikuwapo tena. Dorsaf akapata mbele, Beya akakaa karibu na ukuta, jirani na mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti nzito na kucha fupi nyeusi kwa grisi. Alijitambulisha kabla ya kuulizwa: Sabra, anauza vipuri vya pikipiki Bab Jedid, ukitaka breki njoo kwangu.

"Sina pikipiki," Beya akasema.

"Siku ukiwa nayo. Hizo ni makroudh?"

Beya akamsogezea kopo.

*

Filamu ya kwanza ilitoka nchi ya theluji. Msichana aliyezaliwa akaitwa mvulana, kama Ghalia, alikaa mbele ya kioo akajipaka rangi ya mdomo huku akilia, akatembea barabarani watu wakimcheka, akarudi kwenye kioo akaifuta. Mwishoni aliingia ziwani. Beya alisikitika kwa dhati, kama anavyosikitika msibani kwa mtu asiyemfahamu.

Filamu ya pili ilikuwa ya nchi ya joto, lakini kioo kilikuwapo.

"Huyu naye atakufa," Beya alinong'ona, filamu ikiwa bado changa.

"Kabisa," Sabra akajibu. "Si unaona amevalishwa nyeupe."

Akafa. Walimpiga nje ya baa, na kamera ikabaki ikitazama kiatu chake kimoja kwa muda mrefu kuliko ulivyotosha.

"Sasa hawa wote wanakufa?" Beya akauliza. "Hakuna hata mmoja anayekula chakula cha mchana?"

Sabra alicheka hadi mtu wa mbele akageuka. "Sinema ndivyo inavyotujua, dada yangu. Tuko kwenye kioo au tuko kaburini. Mimi nikiamka asubuhi natafuta soksi. Miaka yote hii hakuna aliyekuja kunipiga picha nikitafuta soksi." Akachukua makroudh nyingine. "Mikono yako isione tabu. Umekuja na nani?"

"Na binti yangu."

"Heri yake. Laiti wangu angejua hata njia ya kufika hapa." Hakusema ni nani wake, na Beya hakuuliza.

Filamu ya tatu ilianza na kamba ya nguo. Mwanamke alikuwa ameipa kamera mgongo, anaanika shuka kwenye roshani, vibanio vya nguo amevibana midomoni. Beya alimtambua kwa vibanio. Hakuna mtu mwingine anayevibana vitatu upande mmoja wa mdomo isipokuwa yeye mwenyewe Beya, na aliyejifunza kwake.

Mwanamke akageuka. Maandishi yalisema: Ghalia.

Alikuwa mzuri. Beya hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alijiandaa kwa rangi ya mdomo na machozi. Ghalia alifanya kazi katika duka la dobi, akabishana na mteja juu ya kifungo, akapanda ngazi na mifuko, akakaanga mayai kwa nyanya na pilipili, akayala amesimama, kwenye kikaango hichohicho. Kaa kitako, Beya alimwambia moyoni. Hakuna aliyekufa. Kwa dakika hizo Beya aliona fahari yenye aibu, akatamani amguse Sabra bega amwambie yule pale ni wangu.

Kisha Ghalia akakaa mezani, na mtu asiyeonekana akamuuliza kuhusu siku ya kuondoka nyumbani.

"Baba alikuwa na haki ya kukasirika kama baba," Ghalia alisema pale juu, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. "Alisema toka, nikatoka. Hilo nililitegemea. Mama alinyamaza. Nikasema basi, ananyamaza, yuko upande wangu ila anaogopa. Nikashuka ngazi. Nikasikia mlango unafunguliwa, nikafurahi. Akanimwagia ndoo ya maji ya deki. Yakanifika viatuni, yananuka klorini. Nikafika kwenye kona nikageuka, labda nimekosea. Nikamkuta ameinama, anapiga deki pale nilipokanyaga."

Ukumbi mzima ukatoa sauti moja, ya chini, kama watu waliokanyagwa pamoja.

"Mama gani huyo," Sabra alinong'ona kwa uchungu wa kweli. "Paka ana huruma kumshinda." Na mkono wake ukaingia tena kwenye kopo.

Beya alilishika kopo lisianguke. Tangu filamu ya kwanza alikuwa akitafuta, kama kila mtu humo ndani, nani hasa aliyemtendea mtoto wa watu ubaya. Katika zile mbili alikuwa mlevi, au polisi, au mji mzima. Sasa amepatikana, ana utepe mwekundu, na anakaa karibu na ukuta. Mbele huko alikiona kisogo cha Dorsaf. Hakikugeuka.

*

Taa zilipowaka Ghalia alipanda jukwaani. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, na Beya akasimama pia, maana aliyebaki amekaa angeonekana. Kijana mmoja aliuliza kama siku moja ataweza kumsamehe mama yake.

"Hajaniomba," Ghalia akasema. Watu wakacheka kidogo.

Kisha yule msichana wa miwani akatangaza kwamba kuna gari limesimama kichochoroni ambalo halieleweki, watu watoke wawili wawili kwa mlango wa pembeni, taratibu, tafadhali. Sabra alimshika Beya mkono. "Ukija Bab Jedid uliza tu Sabra wa breki," akasema, akaondoka, akiamini kwamba amekaa na mama mwema.

Kwenye korido nyembamba ya pembeni, Ghalia alikuwa amemkumbatia Dorsaf. Alifungua macho juu ya bega la mdogo wake, akaona kitambaa cha kichwa alichokijua.

Hakuna aliyekwenda mbele.

"Umekonda," Beya akasema.

"Umekujaje?"

"Kwa treni."

"Umeiona."

"Nimeiona. Maji hayakuwa ya deki."

Ghalia alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi miaka mitatu, kwa laana na kwa kilio. Kwa hili hakujiandaa. "Yalinuka klorini, Mama."

"Ndoo ndiyo iliyonuka. Maji niliyakinga bombani, safi. Yalikuwa maji ya safari. Bibi yako alimmwagia kila aliyetoka nyumbani kwake, wewe mwenyewe ulikuwa unamshikia maji."

"Bibi alimwaga kwa glasi."

"Glasi zilikuwa jikoni."

"Jikoni si Algeria."

"Baba yako alikuwa jikoni."

Dorsaf alitazama sakafu. Watu wawili walipita katikati yao wakiomba radhi, wakaenda zao. Ghalia alisubiri wapite. Alikuwa na akili ya haraka tangu utotoni, na Beya aliiona ikifanya kazi, akatamani isifanye.

"Kwa hiyo ulichukua ndoo ili yeye aone unanifukuza."

"Ndiyo."

"Na akaona hivyo?"

"Akasema nimefanya vizuri."

"Basi mimi na yeye tuliona kitu kimoja," Ghalia akasema.

Neno Beya alilolitunza miaka mitatu alikuwa amelisema lote, na lilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

"Na deki?" Ghalia akauliza. "Nyuma ya msafiri hatufagii hata punje mpaka afike anakokwenda. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Alinipa tambara. Alisema mtu atateleza."

"Mtu atateleza." Ghalia alicheka kwa pua, kicheko hasa cha Tijani, na wote watatu walikitambua. Akafuta jicho kwa kiganja. "Ndege yangu saa tatu asubuhi. Usije uwanjani, utahitaji uongo mwingine na wewe hujui kudanganya."

"Jina la mama yangu umelichukua bila kuniomba."

"Ningekuombea wapi?"

Beya akamnyooshea kopo. Zilibaki makroudh mbili. "Zilikuwa nyingi," alisema. "Zililiwa ndani."

Ghalia alichukua moja, akaifunga kwenye karatasi ya ratiba, akaitia mkobani. Nyingine aliiacha. Beya hakujua kama ni adabu, kwa kuwa mtu hamalizi chakula cha mwenziwe, au kama ni kipimo.

"Ukifika utaniandikia?"

"Nitamwandikia Dorsaf."

Zamu yao ya kutoka ikafika.

*

Katika treni Dorsaf alikaa mbele ya mama yake, si pembeni yake. Kabla ya kituo cha Radès alisema, "Na mimi nilikuwa najua ni maji ya deki. Miaka yote."

"Kmar hajambo?" Tijani aliuliza wakati wa chakula.

"Hajambo."

"Na sufuria?"

"Nimesahau."

Tijani aliutazama utepe mwekundu mkononi mwa mke wake, akaendelea na supu. Kmar alikuwa amepiga simu alasiri kumuulizia Beya, mguu wake mzima kabisa. Tijani alikuwa amekaa na jambo hilo tangu alasiri, akiligeuza, na kila alipoligeuza lilikuwa na uso wa mtu mmoja. Angeweza kuuliza. Aliomba chumvi.

Asubuhi alikuwa kwenye kiti chake cha jikoni, kilekile, na kahawa yake, redio haijawashwa. Beya aliingia amevaa kama mtu anayetoka. Alipita nyuma ya kiti, mahali pembamba ambapo ni lazima mmoja ajivute, na Tijani akajivuta. Beya alifungua kabati la vyombo vya wageni, akatoa glasi yenye ukingo wa dhahabu, akaikinga bombani, akaacha maji yatiririke kwanza mpaka yapoe.

"Nani anasafiri?" Tijani akauliza.

"Ghalia."

"Ghalia yuko Nabeul, Mungu amrehemu."

"Yuko mwingine. Unamjua. Wewe ndiye uliyembeba kutoka hospitali, ukakataa dereva asimshike."

Tijani alitazama ndani ya kikombe. Beya hakungoja atoke humo. Alivuka sebule, akafungua mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta, akasimama juu ya ngazi, akamwaga. Maji ya glasi ni machache. Yaligonga jiwe, yakatawanyika, yakaanza kushuka.

Jirani wa chini, Mnawar, alikuwa anapanda na mkate. Alirudisha mguu nyuma, akatazama juu.

"Kheri, Beya? Nani kasafiri kwenu?"

"Binti yangu mkubwa."

Mnawar alihesabu watoto wa nyumba ile kichwani, na hesabu ikakataa. "Wewe una binti mkubwa?"

"Ninaye. Yuko Marseille, kazi ya dobi. Pita upande huu, usikanyage."

Mnawar akapita upande ule na mkate wake, akaingia kwake, akafunga mlango polepole sana, kama mtu anayetaka kusikia zaidi.

Tijani alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Dorsaf alikuwa nyuma yake, na nguo za kulalia. Tijani alitazama ngazi zilizolowa, akanyoosha mkono nyuma ya mlango bila kuangalia, pale linapokaa siku zote, akatoa tambara la deki. Alimnyooshea mke wake.

"Futa," akasema. "Mtu atateleza."

Beya alipita kando yake na glasi tupu.

"Ashike ukuta," alisema.

Tijani alibaki pale na tambara kavu. Maji yalishuka ngazi ya tatu, ya nne, yakafika kwenye kona ambapo hapakuwa na mtu, yakasimama.